Nifiche habari za sindano ili wanikubali kwenye utafiti wa ini?

Assalaam aleikum Dokta,

Mimi ni mwanamke wa miaka 49, mzaliwa wa Tanga. Naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa kumi na moja. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Nina watoto watatu, wawili wako Tanga kwa mama yangu na mmoja niko naye hapa.

Miezi minne iliyopita nilishikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, mara tu baada ya kula. Nikakimbizwa hospitali. Walinipiga altrasaundi wakaona vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, na wakasema ini langu nalo lina mafuta. Vijiwe wakaniambia tusubiri, maumivu yakirudi ndipo wapasue. Habari ya ini waliiandika tu kwenye karatasi, hakuna aliyekaa kunieleza. Daktari aliniuliza mara tatu nakunywa pombe kiasi gani, na mara ya tatu machozi yalinitoka. Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu, Dokta. Kwetu mtu akisikia unaumwa ini, keshakuita mlevi. Hata mama sijamwambia.

Presha ninayo, nameza amlodipini kila siku. Sukari yangu kabla ya kula ilikuwa 108. Urefu wangu sentimita 158, uzito siku ile kilo 84. Baba alipata kiharusi akiwa na miaka 56. Kaka yangu mkubwa tulimzika akiwa na miaka 51, moyo. Kwa hiyo ninaposikia neno moyo, silali.

Wiki mbili zilizopita niliona tangazo kuwa chuo kikuu kimoja hapa kinatafuta watu wenye mafuta kwenye ini na walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo. Vipimo vya ini na moyo ni bure, baadhi ya watu watapewa dawa inayofanyiwa majaribio na wengine hawatapewa, na kila ukienda unalipwa kidogo. Nikapiga simu. Binti mmoja akanihoji karibu nusu saa, akasema naelekea kufaa, niende nikasaini fomu na kupimwa.

Ila kuna swali nimemdanganya. Aliniuliza kama katika miezi mitatu nimechoma sindano yoyote ya kupunguza uzito. Nikasema hapana. Ukweli ni kwamba rafiki yangu wa kazini ana kisukari, anaandikiwa Ozempic, na kila Ijumaa ananichomea kidogo kutoka kwenye kalamu yake. Tunabadilisha sindano, kila mtu na yake. Nimechoma mara saba na nimepungua kilo nne. Nikisema kweli naogopa wataniacha. Bima ya kazini hailipi kitu mpaka kwanza nitoe maelfu ya dola mfukoni. Utafiti huu ndio matibabu yangu, sina mengine.

Halafu mdogo wangu aliyeko Dar amekasirika. Anasema Wamarekani wanataka kunifanya panya wa maabara. Naye ndiye anayewaangalia wanangu, sitaki tugombane.

Nifiche au niseme? Na hawa watu hasa wanamtaka mtu wa namna gani?

Mama wa Tanga, Ohio


Wa aleikum salaam dada yangu. Pole kwa maumivu, pole kwa kaka, na pole kwa lile swali la pombe ulilorudishiwa mara tatu. Nitalifikia. Lakini barua yako nimeisoma mara ya kwanza, nikafika kwenye kalamu ya rafiki yako, nikasimama hapo. Utafiti unaweza kungoja wiki. Hili la kalamu haliwezi.

Kalamu ya sindano ni ya mtu mmoja, hata mkibadilisha sindano kila mara. Ukichoma na kuachia, damu kidogo sana, isiyoonekana kwa macho, inaweza kurudi ndani hadi kwenye kichupa cha dawa. Sindano mpya haisafishi kilichokwisha kuingia humo. Ndiyo maana tangu 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kalamu za kisukari ziandikwe wazi kwamba ni za mgonjwa mmoja tu. Wewe mwenyewe kazini unaliona hili kila usiku: kalamu ya insulini ya mzee huyu haimchomi mzee yule, na kila moja ina jina lake. Yanayoweza kupita humo ni homa ya ini B, homa ya ini C na virusi vya UKIMWI. Sisemi rafiki yako anaumwa. Nasema hamjui, wala yeye hajui kuhusu wewe.

Kwa hiyo Ijumaa hii usichome. Nenda kapime vitu hivyo vitatu, na umwambie daktari tarehe ya mara ya mwisho mlipotumia kalamu moja, kwa sababu virusi hivi havionekani siku ya kwanza na huenda ukatakiwa kurudia kipimo baadaye. Kama mwajiri wako alikupa chanjo ya homa ya ini B na ulimaliza dozi zote, litaje hilo pia, linapunguza wasiwasi kwa upande mmoja.

Tena kuna vijiwe. Dawa iliyomo kwenye kalamu ile, semaglutaidi, maelezo yake yenyewe yanaonya juu ya matatizo ya mfuko wa nyongo. Na kupungua uzito kwa kasi, kwa dawa au bila dawa, nako kunaamsha vijiwe. Wewe ulishalia kwa vijiwe, kisha ukaanza sindano hiyo bila daktari yeyote kujua. Maumivu yakirudi na yasikuachie, au ukapata homa, au macho yakageuka manjano, usimpigie rafiki. Nenda hospitali usiku huohuo.

Sasa swali lako: nifiche au niseme? Sema. Na nataka uelewe kwa nini, maana ukidhani vigezo vya utafiti ni kama usaili wa kazi, kwamba kuna jibu zuri na jibu baya, utashawishika tena kudanganya kwenye swali jingine. Nimekaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza ile, nikiuliza maswali kama aliyokuuliza yule binti. Kila swali lililomo lipo kwa sababu mbili tu: ama mtu wa namna hiyo anaweza kudhurika na dawa au vipimo, ama majibu yake yatachafua hesabu. Swali ulilolikwepa lina sababu zote mbili.

Semaglutaidi hupungua nusu mwilini kwa muda wa kama wiki moja, hivyo dozi moja huchukua takriban wiki tano mpaka iishe. Wewe umechoma saba mfululizo. Na dawa hiyo haipunguzi uzito tu, inagusa ini lenyewe. Katika jaribio kubwa liitwalo ESSENCE, ambalo matokeo yake ya watu 800 wa kwanza yalitoka 2025, baada ya wiki 72 uvimbe wa ndani wa ini ulikuwa umetulia bila makovu kuongezeka kwa asilimia 62.9 ya waliochoma semaglutaidi, na asilimia 34.3 ya waliochomwa plasebo, yaani sindano isiyo na dawa. Sasa jiweke humo. Ukiingia kundi la plasebo huku una Ozempic ya siri, ini lako litapona kidogo na dawa mpya itaonekana haina maana. Ukiingia kundi la dawa, utakuwa na dawa mbili mwilini. Ukitapika, moyo ukidunda vibaya, kongosho likikuuma, daktari wa utafiti atatafuta chanzo mahali pasipo chanzo. Hapo maisha yako ndiyo yatakayolipa.

Na kuna hili ambalo watu wengi hawalijui. Jibu la ukweli mara nyingi si «hapana», ni «subiri». Tafiti nyingi za ini hutaka mtu akae muda fulani bila sindano hizo, na uzito wake uwe umetulia, ndipo wampime upya. Muda huo kila utafiti unajipangia, kwa hiyo waulize wa kwao ni upi. Nimewaona watu wengi wakirudishwa nyumbani mara ya kwanza, wakarudi baada ya miezi kadhaa wakapokelewa. Lakini aliyedanganya akagundulika katikati ya safari, huyo huondolewa, na damu yote aliyotolewa imekwenda bure.

Umeuliza wanamtaka nani. Kila utafiti una orodha yake, na yao utaikuta kwenye fomu ya ridhaa. Ila nakuelezea jinsi orodha hizo zinavyofikiri, kwa kutumia karatasi yako mwenyewe.

Mlango wa kwanza ni ini lenye mafuta, nalo limeonekana. Kisha hutazama mambo matano yanayokwenda pamoja na ugonjwa huu: uzito au kiuno kilichozidi, sukari, presha, mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi, na uchache wa kolesteroli nzuri. Katika maelezo mapya ya ugonjwa huu yaliyokubaliwa kimataifa 2023, moja tu kati ya hayo matano latosha, likiongezwa kwenye mafuta ya ini, kuupa ugonjwa jina lake, MASLD. Wewe kwa uzito wa kilo 84 na urefu huo umeshapita kipimo. Sukari ya 108 imepita 100. Presha unayo na dawa unameza. Hayo matatu, na mafuta ya damu hatujayaona bado. Utafiti wa dawa huwa mkali zaidi ya hapo. Jaribio la MAESTRO-NASH, lililoifikisha dawa ya resmetiromu kwenye kibali Machi 2024, lilitaka watu wenye matatu kati ya hayo matano, na tena ini liwe limekakamaa kufikia kipimo fulani cha mashine ya FibroScan, halafu likathibitishwa kwa kuchukua kinyama kidogo cha ini kwa sindano. Waulize kama na wao watakuchukua kinyama hicho. Ni haki yako kulijua hilo kabla ya kusaini, si asubuhi ya siku yenyewe.

Umri wako na historia ya baba na kaka vinawahusu sana, kwa sababu utafiti huu unaunganisha ini na moyo. Wengi wanashangaa vinakutanaje. Ini lililojaa mafuta husukuma mafuta zaidi kwenye damu, udhibiti wa sukari nao unalegea, mwili unakaa katika hali ya uvimbe wa chini kwa chini, na mishipa ya moyo inajenga utando ndani. Ndiyo maana kinachowaua zaidi watu wenye ini la namna hii ni moyo na mishipa yake, kabla ya ini lenyewe. Hofu yako ya usiku ina msingi, dada. Ila daktari aliyekuandikia karatasi angeweza kukuambia hayo kwa dakika tano.

Nje ya mlango huwa wanabaki wenye homa ya ini B au C, kwa sababu virusi navyo vinaharibu ini na hutajua kipi kimefanya nini. Unaona tunarudi kwenye kalamu. Wanabaki pia waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi karibuni, walio na figo dhaifu sana, na wajawazito. Kwa miaka 49, kama hedhi haijakatika kabisa, tegemea kupimwa mimba kila mara na kuulizwa unatumia kinga gani. Usione wanakuvunjia heshima. Kama wana mashine ya MRI watakuuliza chuma chochote mwilini. Watauliza dawa zinazojaza ini mafuta, kama prednisoloni au methotreksati. Na watauliza dawa za asili. Hapo watu wetu hunyamaza, wakidhani hazihesabiki. Kama unatumia mlonge, habbat sauda, majani uliyotumiwa kutoka nyumbani, au chai ya kukata tumbo uliyonunua mtandaoni, peleka pakiti mezani.

Na pombe. Walikuuliza mara tatu kwa sababu kwa mwanamke mpaka ni gramu 140 za alkoholi kwa wiki, kama vinywaji kumi vya vipimo vya Marekani, na anayepita hapo ugonjwa wake unaitwa jina jingine. Watu wengi husema uongo kwenye swali hilo, kwa hiyo waulizaji wamezoea kurudia. Hilo halikuondolei uchungu, nalijua. Lakini ujue kwamba jina la zamani la ugonjwa wako lilikuwa na neno pombe ndani yake, hata kama ni kwa kukanusha, na sababu mojawapo ya kulibadilisha 2023 ilikuwa aibu hiyohiyo unayoihisi mbele ya mama. Mwambie mama. Mwambie ini limejaa mafuta kama kiuno kinavyojaa, na kwamba waliokupima wanajua hujawahi kunywa.

Mdogo wako wa Dar usimcheke wala usimkatie simu. Anachokiogopa kilitokea kweli, hukohuko Marekani. Tuskegee, jimbo la Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972, wanaume weusi 600 waliwekwa kwenye utafiti, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli, na penisilini ilipopatikana hawakupewa. Kutokana na aibu ile ndipo sheria ya 1974 ilikuja, na leo hakuna utafiti wa namna hii unaoruhusiwa bila kamati ya maadili kuupitia. Mweleze hivi: fomu ya ridhaa utaichukua nyumbani uisome, kama Kiingereza chake ni kigumu utaomba mkalimani wa Kiswahili, na siku yoyote ukitaka kutoka unatoka bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Kwenye fomu kuna namba ya simu ya kamati hiyo. Muulize pia yule binti namba ya usajili ya utafiti kwenye ClinicalTrials.gov, mdogo wako akiwa Dar anaweza kuusoma mwenyewe. Asipokupa namba hiyo, usiende.

Mwambie na hili. Utafiti wa Dallas uliochapishwa 2004 ulikuta mafuta kwenye ini kwa asilimia 45 ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 33 ya wazungu, na 24 ya weusi. Kwa nini sisi tuna kidogo kwenye ini, na bado moyo na presha vinatuua mapema? Swali hilo halijibiwi na watu wasiokuwepo chumbani. Mimi kwa hilo natamani uingie, ila uingie kwa mlango wa wazi.

Linaloniumiza zaidi katika barua yako ni sentensi ile kwamba utafiti ndio matibabu yako. Hapana, dada. Daktari wa utafiti kazi yake ni kupata jibu la swali, na kompyuta ndiyo itakayoamua upate dawa au plasebo. Unaweza kumaliza mwaka mzima unameza kidonge kisicho na kitu. Matibabu yako uyatafute pembeni, hata kama utakubaliwa. Kuna vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato. Na hospitali ile ikiwa ni ya kutolenga faida, inalazimika kuwa na mpango wa kuwapunguzia gharama wasiojiweza, uliza ofisi ya malipo. Ukifika, mwombe daktari akupigie hesabu ya FIB-4. Ni umri wako, vimeng'enya viwili vya ini na chembe sahani za damu, vyote kwenye vipimo vya kawaida. Ukiwa chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Ukizidi, unahitaji FibroScan. Omba pia upimwe kolesteroli, na kama atakuandikia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, usiikatae kwa kusikia kwamba inaharibu ini. Kwa ini la mafuta inatumika bila shida, na ndiyo inayolinda moyo. Sindano yenyewe unaweza kuipata kihalali kama daktari ataona inakufaa baada ya kuvitazama vijiwe. Na kilo nne ulizokwisha kupungua karibu zimefika asilimia tano ya uzito wako. Hapo ini huanza kupunguza mafuta. Ukifika asilimia saba mpaka kumi, hata uvimbe na makovu vinaweza kulegea. Anza na soda na vile vyakula vya mashine mnavyokula saa nane usiku, kabla hujaugusa wali wa nazi wa Jumapili.

Mwajiri wako hataletewa taarifa za utafiti. Malipo wanayotoa huhesabiwa kama kipato, yatunzie karatasi. Na waambie unafanya zamu ya usiku, kwa sababu damu ya mtu aliyefunga kula usiku kucha akiwa kazini si sawa na ya aliyelala, watakupangia siku. Mwezi wa Ramadhani nao uutaje mapema, vidonge na miadi hupangwa kulingana nao.

Jumatatu asubuhi mpigie yule binti. Mwambie: «Ulipouliza sindano nilijibu hapana, nilikosea. Nimechoma semaglutaidi mara saba, ya mwisho tarehe fulani, kwa kalamu ya mtu mwingine. Nimeacha. Naweza kupimwa tena lini?» Yeye hatakufokea, ameshasikia makubwa zaidi.

Kisha kazini, kabla zamu haijaanza, mchukue rafiki yako pembeni. Alikuwa anakusaidia kwa moyo mweupe, na yeye pia anahitaji kupimwa. Nendeni pamoja.